Kununua Bastola Kuukuu: Karatasi Kwanza, Chuma Baadaye

Katika kila mji wenye kambi ya askari au kituo kikubwa cha polisi hakukosi mtu aliyestaafu kwa heshima, akapokea kiinua mgongo chake, akafungua duka au akanunua lori, na baada ya miezi michache akaanza kufikiri juu ya bastola ya kujilinda. Mpya ni ghali. Ndipo husikika habari za mzee fulani anayetaka kuuza yake: imekaa sandukuni miaka mingi, haikutumika sana, na bei inazungumzika. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi huyo, na pia kwa ajili ya mkewe na watoto wake, maana bastola ikishaingia nyumbani si jambo la mtu mmoja tena.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muuzaji ataisifu silaha yake, na huenda asiseme uongo hata neno moja. Kazi ya mnunuzi ni kuuliza maswali mawili, tena kwa utaratibu. La kwanza: je, bastola hii ni halali? La pili: je, ni nzima? Wengi huanza na la pili, kwa kuwa chuma hung'aa na karatasi hazing'ai. Lakini chuma kibovu huweza kutengenezwa au kukataliwa, ambapo bastola yenye historia mbaya humfuata aliyeinunua mpaka mahakamani.

BASTOLA TUNAYOIZUNGUMZIA

Ili maneno yasielee hewani, tuchukue mfano wa bastola moja ambayo askari wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati wanaijua: Browning ya mwaka 1935. Ilianza kubuniwa katika miaka ya 1920 na Mmarekani John Moses Browning, aliyekuwa akishirikiana na kiwanda cha FN kilichopo Herstal, karibu na mji wa Liège, nchini Ubelgiji. Bwana Browning alifariki humo kiwandani mwezi Novemba mwaka 1926, kazi ikiwa haijakamilika, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaiendeleza mpaka mwisho. Jeshi la Ubelgiji liliipokea mwaka 1935. Hutumia risasi ya milimita 9 iitwayo Parabellum, na magazini yake hubeba risasi 13, idadi ambayo wakati ule ilikuwa kubwa kwa bastola.

Baada ya Wajerumani kuiteka Ubelgiji mwaka 1940, kiwanda kile kililazimishwa kuwafanyia kazi mpaka mwaka 1944. Bastola za mwisho za kipindi hicho zilitengenezwa kwa haraka, na umaliziaji wake hauwezi kulinganishwa na ule wa kabla ya vita. Nchini Kanada, kiwanda cha Inglis cha Toronto kilitengeneza bastola za namna hiyo hiyo mwaka 1944 na 1945 kwa ajili ya China, Kanada na Uingereza. Baada ya vita zikaenea duniani, na zaidi ya majeshi 50 yamewahi kuzitumia. FN iliendelea kuzitengeneza kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 2022 kiwanda hicho kilitoa bastola mpya yenye jina linalofanana na la zamani, lakini viungo vyake vya ndani ni tofauti na haviingiliani na vya ile kongwe. Anayekwambia kwamba vipuri vya mpya vitafaa katika ya zamani, huyo hajui anachokiuza.

Bastola hii ni ya kujipakia yenyewe. Kila unapovuta kifyatulio hutoka risasi moja. Nguvu ya mlipuko husukuma nyuma kile kipande kirefu cha juu, ambacho hapa tutakiita kitelezi. Ganda tupu hurushwa nje, na kitelezi kikirudi mbele huchukua risasi nyingine katika magazini na kuiingiza ndani ya mtutu. Kwa hiyo, baada ya kila mlio bastola huwa tayari kwa mlio mwingine. Hiyo ndiyo faida yake vitani, na hiyo ndiyo hatari yake nyumbani.

KARATASI KWANZA

Hapa Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inakataza mtu kununua au kuwa na silaha ya moto pasipo cheti halali kwa ajili ya silaha hiyo. Neno la kuzingatia ni "silaha hiyo". Cheti cha muuzaji hakihami pamoja na bastola kama ufunguo unavyohama pamoja na nyumba. Wala askari au polisi asidhani kwamba sare yake inatosha. Silaha aliyokabidhiwa kazini ni ya serikali na hurudi ghalani. Ile anayoinunua kwa fedha yake huinunua kama raia mwingine yeyote, na cheti lazima awe nacho.

Kwa sababu hiyo, usilipe hata malipo ya awali kabla ya kufika polisi pamoja na muuzaji. Eleza nia yako, uliza utaratibu wa kuomba kibali, na uombe namba iliyomo ndani ya cheti chake ilinganishwe na ile iliyochongwa katika chuma. Muuzaji mwaminifu atakubali safari hiyo. Anayesema "tumalizane hapa hapa, karatasi zitafuata" amekwisha kujibu swali lako la kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari. Na silaha bila daftari huleta habari mbaya.

Mambo haya hayakutungwa ili kuwasumbua wananchi. Tarehe 21 Aprili mwaka 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Kwa itifaki hiyo zilikubaliana kutia silaha alama, kuweka kumbukumbu zake, na kudhibiti raia wanaozimiliki. Baadaye, mwaka 2018, kufuatia mauaji ya watu kadhaa mashuhuri, Rais Yoweri Museveni aliagiza kwamba bunduki zote zichukuliwe alama zake za kitaalamu. Maana yake ni rahisi kufahamu: pini inapoigonga risasi, na kikucha kinapolivuta ganda, kila bastola huacha mikwaruzo yake yenyewe juu ya ganda hilo, kama kidole kinavyoacha alama juu ya kioo. Ganda lililookotwa miaka kumi iliyopita mahali palipouawa mtu laweza kuoanishwa na bastola iliyomo mezani mwako leo. Aliyeuza amekwisha kwenda zake. Wewe ndiwe utakayeulizwa.

KUSOMA NAMBA

Katika Browning nyingi za zamani, namba ileile huonekana mahali patatu: juu ya kiunzi, yaani sehemu yenye mpini, juu ya kitelezi, na juu ya mtutu. Zikilingana, viungo hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Zisipolingana, si lazima kwamba pana uhalifu, kwani maghala ya jeshi huchanganya vipuri wakati wa matengenezo. Lakini bei ishuke, na muuzaji aeleze. Pia tazama alama za majaribio. Bastola iliyopita katika nyumba ya majaribio ya Liège hugongwa mihuri midogo, mmojawapo ukiwa na herufi ELG ndani ya umbo la yai.

Chunguza hasa mahali penyewe palipochongwa namba. Je, uso wa chuma hapo umebonyea kidogo, au unang'aa kuliko sehemu nyingine? Je, kingo za tarakimu zimefifia kama sabuni iliyotumika? Namba iliyosagwa au kuchongwa upya ni dalili ya wizi. Vivyo hivyo, ukiona alama ya jeshi au ya polisi wa nchi yoyote, na muuzaji hana hati ya kuonyesha kwamba iliuzwa kihalali, weka chini, ondoka, ukatoe taarifa. Silaha ya serikali haina mwenye ruhusa ya kuiuza sokoni.

KABLA YA KUICHUNGUZA, IONDOE RISASI

Hapa pana somo ambalo kila mtu wa nyumbani anapaswa kulijua, hata kama hatashika bastola maishani mwake. Kutoa magazini si kuondoa risasi zote. Risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu, na hiyo moja inatosha kuua.

Utaratibu ni huu. Elekeza mdomo wa bastola mahali pasipo na mtu, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Toa magazini. Kisha vuta kitelezi nyuma kabisa, ukifunge kibaki nyuma. Chungulia chumba cha risasi, halafu kipapase kwa ncha ya kidole, kwa sababu gizani jicho hudanganyika. Ukikabidhiwa bastola na mtu aliyeichungulia sasa hivi mbele ya macho yako, ichungulie tena. Hilo si dharau kwake. Ndiyo adabu ya silaha.

Browning ya zamani ina jambo lake la pekee. Ilitengenezwa ili magazini ikitoka, kifyatulio kisifanye kazi. Wengine hukitoa kipande hicho kwa kuwa hufanya kifyatulio kiwe kizito. Kujua kama kipo ni rahisi: bastola ikiwa tupu na magazini ikiwa nje, inua nyundo, kisha vuta kifyatulio. Nyundo ikianguka, kipande kimeondolewa. Mrudishie fundi akitie, na usimwamini kamwe mtu asemaye "Browning haiwezi kulia bila magazini". Huenda ya kwake haiwezi, lakini hii iliyo mbele yako inaweza.

CHUMA BAADAYE

Sasa tumefika katika ukaguzi. Ni vema kumwomba fundi silaha mwenye kibali akusaidie, lakini mnunuzi naye afahamu kinachotazamwa.

Anza na mtutu. Ukiwa umehakikisha bastola ni tupu, ifungue, utoe mtutu, uuelekeze penye mwanga. Mifereji inayozunguka ndani yake iwe wazi, yenye kingo kali. Vishimo vidogo vyeusi ni mabaki ya kutu. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na chumvi ambayo hula chuma kama mtutu hausafishwi upesi. Vishimo vichache si maafa. Lakini ukiona duara jeusi limezunguka ndani kama pete, au ukipapasa nje ukakuta uvimbe, fahamu kwamba risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Mtutu huo haufai tena. Soma pia maandishi yaliyo juu yake yanayotaja ukubwa wa risasi. Katika miaka ya 1990 FN ilitoa Browning za risasi nyingine iitwayo .40 Smith & Wesson, nazo kwa umbo zinafanana na za milimita 9.

Pili, tafuta nyufa katika kiunzi na kitelezi, hasa karibu na tundu la ile pini inayopita ubavuni na kushikilia mtutu. Kuna njia ambayo haihitaji mtambo wowote. Pangusa mahali hapo kwa mafuta ya taa, ukaushe vizuri kwa kitambaa, kisha upake vumbi la chaki nyeupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kiunzi chenye ufa kikataliwe bila mazungumzo. Springi hubadilishwa, vipande vya mbao vya mpini hubadilishwa, hata mtutu hubadilishwa kwa gharama. Lakini kiunzi ndicho chenye namba.

Tatu, jaribu viungo vya usalama. Rudisha magazini tupu mahali pake, inua nyundo, kisha uisukume mbele kwa kidole gumba kwa nguvu ya kadiri bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, meno yanayoishikilia yamekwisha, na bastola hiyo huweza kulia yenyewe. Inua nyundo tena, weka kizuizi cha usalama, uvute kifyatulio: nyundo isitikisike. Ondoa kizuizi hicho bila kugusa kifyatulio: nyundo ibaki imesimama. Katika bastola za zamani kizuizi hiki ni kidogo, kipo upande wa kushoto peke yake, na mwenye kidole kinene hupata taabu nacho. Zile zilizotolewa tangu miaka ya 1980 zina kikubwa zaidi, pande zote mbili.

Nne, tazama kikucha kinachovuta ganda. Kabla ya miaka ya 1960 kilifichwa ndani ya kitelezi. Baadaye kikahamishiwa nje ubavuni, mahali panapoonekana. Vile vya ndani ni shida kuvipata siku hizi, kwa hiyo kama kimevunjika, hesabu muda na fedha za kukitafuta.

Tano, usiisahau magazini. Midomo yake miwili ya juu iwe sawa, isipinde wala isipasuke. Bastola nyingi zinazosemwa ni mbovu ubovu wake umo katika magazini.

Mwisho, jihadhari na uzuri. Bastola iliyopakwa rangi mpya nyeusi huvutia macho, bali chini ya rangi huenda pamesagwa kutu, au namba. Afadhali chuma kilichopauka kwa haki kuliko kinachong'aa kwa hila.

UWANJANI

Bastola iliyopita mitihani hiyo ijaribiwe katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, chini ya msimamizi, na macho na masikio yakiwa yamekingwa. Tia risasi moja tu katika magazini na uifyatue. Kisha tia mbili. Ikiwa kifyatulio kimevutwa mara moja na zimetoka zote mbili, ukaguzi umekwisha. Irudi kwa fundi au kwa mwenyewe. Tumia risasi za kawaida zenye ncha ya mviringo, kwani Browning za zamani zilibuniwa kwa ajili ya hizo, na za ncha bapa mara nyingi hukwama njiani. Risasi za kisasa zenye nguvu ya ziada zisitumiwe katika chuma cha miaka sitini.

Ukivuta kifyatulio risasi isilie, usiipindue bastola kuitazama usoni. Iendelee kuelekea kwenye shabaha kwa muda usiopungua nusu dakika, maana baruti mbovu huweza kuchelewa kushika moto. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama papo hapo. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na ifuatayo itaupasua.

NYUMBANI

Tuseme karatasi ni safi na chuma ni kizima. Bado linabaki swali la tatu, ambalo kwa haki linamhusu mama wa nyumba sawasawa na mumewe: itakaa wapi?

Chini ya mto si mahali. Juu ya kabati si mahali, kwa sababu hakuna kabati ambalo mtoto wa miaka saba hajawahi kulipanda. Panahitajika sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni kwa misumari ya skrubu, na risasi zikae penginepo chini ya kufuli lake. Gharama ya sanduku hilo ihesabiwe ndani ya bei ya bastola tangu siku ya kwanza. Asiyeweza kununua vyote viwili, hajaweza kununua bastola. Browning za zamani hazina kile kizuizi kinachofunga pini ya kufyatulia. Zikianguka kwa kishindo na risasi ikiwa ndani ya mtutu, mlio huweza kutokea. Kwa hiyo mtutu ukae mtupu daima. Pia bastola isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na katika miji yetu ya kandokando ya Ziwa Viktoria, Entebbe na Jinja kwa mfano, kutu hufanya kazi usiku na mchana.

Watoto waambiwe waziwazi, bila vitisho: ukiona bastola popote, usiiguse, ondoka mahali hapo, mwite mtu mzima. Mke ajue namba ya silaha na mahali kilipo cheti. Mume akifariki, bastola hairithiwi kama saa ya mkononi. Jamaa waipeleke taarifa polisi bila kuchelewa, kwani cheti kilikuwa cha marehemu, si cha ukoo.

Jambo la mwisho ni zito, nalo halisemwi mara nyingi. Katika nyumba za watu wenye silaha, adui mara nyingi hatoki nje. Hutoka katika chupa, katika ugomvi wa usiku, au katika majonzi ya mtu aliyepoteza kazi au mwenzi. Siku kama hizo zikiifikia nyumba, ufunguo wa sanduku usikae na mwenye uchungu. Na bastola yenyewe ipelekwe kituo cha polisi kuhifadhiwa mpaka hali itulie. Hakuna aibu katika hilo. Askari yeyote anajua kwamba kurudisha silaha ghalani baada ya zamu ni nidhamu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa mambo mengi ni kweli. Lakini bastola kuukuu ina kinga zake, nazo ni cheti chenye jina lako, jicho lisilo na haraka, sanduku lenye kufuli, na ujasiri wa kumwambia muuzaji, "Ahsante mzee, hii siichukui." Mnunuzi aliyerudi nyumbani mikono mitupu na fedha yake mfukoni hakupoteza siku yake.